Picha za Ndege Wadogo wa Nakuru na Naivasha

Mtu akiutaja mji wa Nakuru mbele ya wageni, mara moja huulizwa habari za heroe. Ni haki yao kuuliza, maana heroe wa ziwa letu wamepigwa picha na watu wa kila taifa, na kwa miaka mingi ukingo wa ziwa ulionekana kutoka mlimani kama shuka ya waridi iliyotandikwa. Lakini leo sitaki kuandika habari za heroe. Nataka kuandika habari za ndege wadogo, ambao twapita chini yao kila siku tukienda ofisini au shambani pasipo kuinua macho: chozi, keremkerem, mdiria na wenzao, ambao wengine hawafikii uzito wa barua iliyotiwa stempu.

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Nakuru. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzitia katika majalada yake, na kuhakikisha kwamba jalada likiitwa laonekana. Si kazi ya kumfanya mtu awe mpiga picha. Walakini yapata miaka sita sasa Jumamosi zangu nyingi nimezitumia kuwafuata ndege hawa, na jioni zangu nyingi nimezitumia kuzitengeneza picha zao katika kompyuta. Katika kazi hiyo nimejifunza mambo ya mwanga na rangi, na mwisho nikajifunza jambo moja juu ya kweli, ambalo mtu wa masjala alipaswa kulijua tangu zamani.

CHOZI WA DIRISHANI

Nje ya dirisha la masjala pana mti wenye maua mekundu mfano wa brashi ya kusugulia chupa. Asili ya mti huo ni Australia, na mijini kwetu umepandwa kwa pambo na kivuli. Asubuhi moja nalimwona kijidege mweusi akining'inia katika ua, mdomo wake mrefu uliopinda kama sindano ya mshona magunia umezama ndani akinyonya utamu. Mara akageuza kichwa, na weusi wote ukatoweka! Kichwani na mgongoni ikatokea rangi ya kijani na buluu, ikimetameta kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji, kifuani zambarau, na tumbo njano kama ua la mboga. Alikuwa chozi dume, wa aina iliyo nyingi katika bustani za Nakuru.

Nikatoa simu yangu nikampiga picha. Nilipoitazama, niliona doa jeusi tu, kama kipande cha mkaa kilichotundikwa mtini. Nalitahayari, maana nalikwisha kuwaita wenzangu waje waone ajabu.

Baadaye nalikuja kuijua sababu yake, na msomaji atanufaika nayo. Rangi ya chozi haikutiwa katika manyoya kama rangi inavyotiwa katika nguo. Ndani ya unyoya mna tabaka nyembamba mno, ambazo huupokea mwanga wa jua na kuurudisha; na kwa jinsi mwanga unavyorudi, jicho laona kijani, au buluu, au zambarau. Mwanga usiporudi kwa upande wako, waona weusi. Buluu ya ndege kama kambu nayo yatokana na umbo la unyoya, ingawa yeye hametimeti kama chozi: unyoya wake ukitwangwa hata uvunjike kabisa, hutapata unga wa buluu. Lakini njano ya mnana, yule fundi wa kusuka viota, ni rangi hasa, itokanayo na chakula akilacho, na huonekana njano utakapotazama kutoka upande wowote.

Kwa hiyo anayetaka picha ya mnana aweza kusimama popote. Anayetaka picha ya chozi hana budi kusimama jua likiwa mgongoni kwake, na kungoja ndege ageuze kifua kuelekea jua. Kungoja huko kwaweza kuwa dakika moja, au kwaweza kuwa asubuhi nzima.

KATIKA HIFADHI YA ZIWA

Nalinunua kamera iliyokwisha kutumiwa, pamoja na lenzi ya milimita 300, nikalipa kidogo kidogo kwa muda wa miezi minane. Mke wangu aliuliza kama mashine hiyo italeta unga nyumbani. Sikuwa na jibu. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata tulichanga nauli ya gari, mimi na wenzangu watatu wa ofisini, tukaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru mara lango lilipofunguliwa.

Ziwa hili lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mwaka 1990 likawa mahali pa kwanza pa Kenya kuandikwa katika Mkataba wa Ramsar, ambao ni mapatano ya mataifa ya kulinda maziwa na mabwawa. Na mwaka 2011, pamoja na Bogoria na Elementaita, likaingizwa katika Urithi wa Dunia. Lakini ziwa halisomi hati za watu. Katika miaka iliyofuata 2010 maji yalipanda sana, yakalifunika lango kuu la zamani, yakaiua migunga mingi yenye magamba ya njano iliyokuwa imesimama ukingoni. Maji yalipopunguka chumvi, chakula cha heroe kilipunguka pia, na wengi wao wakaondoka. Mgeni ajaye leo kwa ajili ya shuka ile ya waridi aweza kusikitika. Ndege wadogo, walakini, hawakuondoka. Hata ile miti iliyokufa wameigeuza kuwa viti vya kukalia.

Sheria ya hifadhi hairuhusu mtu kushuka garini ila mahali palipowekwa kwa kusudi hilo, kwa sababu wamo nyati, vifaru na simba. Nalidhani sheria hiyo itaniharibia kazi, kumbe yanisaidia. Ndege humkimbia mtu mwenye miguu miwili, lakini gari lililozimwa hulidhani kuwa jiwe. Nalishona mfuko mdogo wa kitambaa, nikautia maharage kilo 2, nikauweka juu ya kioo cha mlango kilichoteremshwa nusu. Lenzi ikilala juu ya maharage haitikisiki. Mkulima asiyekuwa na fedha za kununulia stendi ya miguu mitatu ajue kwamba ghala lake lina kifaa kilicho bora.

Katika kingo za udongo, mahali ambapo mito ya msimu imekata ardhi, wako keremkerem wenye paji jeupe na koo jekundu, migongo yao kijani, na chini ya mkia buluu iliyokolea. Huchimba mashimo katika ukingo na kukaa pamoja kama kijiji. Ndege hawa wa Nakuru ni mashuhuri kwa wataalamu, kwa sababu katika miaka ya 1970 na 1980 Stephen Emlen wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na wenzake, waliwachunguza hapa hapa kwa muda mrefu, wakiwatia alama ndege mmoja mmoja ili watambulike. Waliona kwamba keremkerem huishi kwa ukoo. Ndege ambaye hakupata makinda mwaka huo, au ambaye kiota chake kimeharibika, huenda kuwasaidia jamaa zake kulea. Tena waliona jambo la kuchekesha: mara nyingine baba mtu huiendea nyumba ya mwanawe aliyeoa karibuni, akaisumbua mpaka kijana aiache na kurudi kumsaidia baba yake kulea wadogo zake. Nalipowaeleza wenzangu habari hiyo ndani ya gari, mmoja alisema, "Basi baba yangu naye ni keremkerem."

Namna ya kumpiga picha ndege huyu ni kukijua kiti chake. Huruka ghafula, akamkamata nyuki au mdudu mwingine angani, kisha mara nyingi hurudi katika kijiti kile kile, akampigapiga nyuki juu ya kijiti ili kumtoa sumu. Usimfuate angani, utachoka bure. Elekeza kamera kwenye kijiti, ungoje. Mlango wa kamera uwe mwepesi, usifunguke kwa zaidi ya sehemu 1 ya 2000 ya sekunde, la sivyo mabawa yatakuwa ukungu. Na katika picha yoyote ya ndege, jicho ndilo linalopasa kuwa kali. Mkia ukiwa na ukungu mtu atasamehe. Jicho likiwa na ukungu, ndege amekufa katika picha. Saa nazo zina maana. Tangu jua linapochomoza mpaka saa 3 asubuhi, na tena baada ya saa 10 jioni, mwanga ni laini. Saa za mchana, kwa kuwa sisi tu karibu sana na mstari wa ikweta, jua hupiga utosini, na kivuli huyafunika macho ya ndege.

MEZANI KWA KOMPYUTA

Wengi hudhani kwamba picha ikitoka katika kamera imekwisha. Sivyo. Kamera ni chombo kisicho na akili. Hukionacho cheupe sana hukiunguza, hukionacho kivulini hukizamisha, na rangi ya asubuhi huitia ubuluu usiokuwako. Ndiyo sababu huiweka kamera yangu katika hali ya kuhifadhi picha ghafi, maana picha ghafi huyabakiza yote yaliyopokewa, nami baadaye nachagua.

Kazi yangu mezani hufuata utaratibu. Kwanza hukata kingo ili ndege asipotee katika majani mengi, lakini humwachia nafasi mbele ya macho yake, asionekane kama mtu aliyesimama uso kwa ukuta. Pili hutafuta kitu kilicho cheupe kweli kweli, kama vile paji la keremkerem, nikausahihisha weupe wake. Na weupe ukiwa sawa, rangi nyingine zote hujirudia zenyewe. Tatu huinua kidogo palipo na kivuli. Nne hupunguza zile chengachenga zinazoingia wakati kamera ilipolazimika kuona katika mwanga hafifu. Mwisho huinoa picha, kwa uchache, kama mtu anoavyo kisu kilicho chembamba.

Kosa la wanafunzi wote, nami nalikuwamo, ni kukoleza rangi. Kuna kijidege wa buluu kama anga, mdogo kuliko shomoro, apendaye kuokota mbegu nyasini karibu na nyumba. Dume ana doa jekundu shavuni, na jike hana. Picha yangu ya kwanza ya dume huyo naliikoleza mpaka shavu likawa kama nta ya kufungia bahasha. Manyoya hayakuonekana tena, ilikuwa rangi tupu. Jirani yangu, mkulima wa Njoro aliyewajua ndege hao tangu utoto, aliitazama akauliza, "Huyu aliumia?"

Nalicheka, nikaipunguza rangi. Lakini swali lile lilikuwa onyo, nami sikulisikia.

UZI WA MDIRIA

Mwaka uliopita nalisafiri kwenda Naivasha, mwendo wa kilometa 70 hivi kwa matatu, kwa barabara kuu ipitayo Gilgil. Njiani, mkono wa kulia, huonekana Ziwa Elementaita, na katika majira yao mwari huzaa katika visiwa vyake. Naivasha ni ziwa la namna nyingine. Ingawa hakuna mto uonekanao ukitoka ndani yake, maji yake ni baridi, hayana chumvi, kwa kuwa hupenya chini ya ardhi na kwenda zake. Kwa hiyo lina samaki wengi na wavuvi wengi, na kandokando yake yameota mafunjo. Na penye mafunjo na vidagaa, hapakosi mdiria.

Nalikodi mashua ya mzee mmoja ambaye amevua katika ziwa hilo tangu ujana wake. Alinipeleka taratibu mpaka kwenye shina moja la mafunjo lililoinama, akazima mashine, akasema kwa sauti ndogo, "Bwana karani, tazama pale. Huyo ni mwenyeji wangu." Nikamwona mdiria, urefu wake sentimita 13 tu, mgongo wa buluu isiyo na mfano, kifua cha rangi ya machungwa yaliyoiva, mdomo mwekundu kama pilipili. Mwanga ulikuwa mgongoni mwangu. Nalipiga picha 40, na moja katika hizo ilikuwa picha niliyoitamani miaka yote.

Nilipoifungua nyumbani na kuikuza, naliona kitu mguuni. Uzi mwembamba wa nailoni ulikuwa umemzunguka juu ya vidole, na ncha yake ilining'inia kama urefu wa kidole. Nikaona uchungu, lakini nawaambia kweli, uchungu wangu haukuwa kwa ajili ya ndege; ulikuwa kwa ajili ya picha. Nikachukua kile chombo cha kompyuta kifutacho doa kwa kunakili kilicho jirani, na kwa muda wa dakika tano uzi ukawa haupo. Mguu ukawa safi. Picha iliyosafishwa naliihifadhi juu ya ile ya asili, na zile 39 nyingine nikazifuta kwa sababu ya nafasi, kama nilivyozoea.

Wote walioiona waliisifu. Naliichapisha, nikaitia katika fremu, na mwezi uliofuata nikampelekea yule mzee zawadi.

Aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza kuelekea nuru, akaitazama tena. Kisha akauliza, "Uzi u wapi?"

Nikamwambia nimeuondoa ili picha ipendeze.

Mzee hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, nilikupeleka kwa ndege yule kwa sababu ya uzi. Kila siku nawaambia wenzangu hapa kwamba vipande vya nyavu tunavyovitupa vyawafunga ndege. Wananiambia nimezeeka, macho yangu yananidanganya. Nalifikiri picha yako itakuwa shahidi wangu." Akanyamaza kidogo, akasema, "Wewe umemfungua katika karatasi. Katika mafunjo bado amefungwa."

Wasomaji, nimekuwa karani miaka kumi na miwili. Siku ya kwanza ya kazi nalifundishwa kwamba katika daftari la serikali karani hafuti. Akikosea, hupiga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, akaandika lililo sawa juu yake, akatia sahihi. Nimewaonya vijana wengi wa masjala juu ya jambo hilo. Nami kwa mkono wangu mwenyewe nalikuwa nimefuta ushahidi, na jalada la asili nimeliteketeza. Tena nikawakumbuka keremkerem wa Nakuru na alama zao. Kama mtu angalizifuta alama hizo katika picha ili ndege wapendeze, nani angalijua leo yupi ni baba na yupi ni mwana?

Nalirudi Naivasha Jumamosi tatu mfululizo. Shina lile la mafunjo lilikuwapo. Diria wengine walikuwapo. Mwenye uzi hatukumwona tena. Mara ya tatu nalimwomba mzee anipeleke ndani ya mafunjo yenyewe, na humo nalipiga picha za vipande vya nyavu vilivyonasa kwenye mashina, mahali pale pale ndege wapendapo kutua, na katika kimoja lilinasa unyoya wa buluu. Si picha nzuri. Mwanga wake ulikuwa wa saa 7 mchana, na rangi yake ni ya matope. Naliinua kivuli ili uzi uonekane, nikasahihisha weupe, basi. Sikuongeza wala sikuondoa.

Mzee aliichukua picha hiyo akaenda nayo katika mkutano wa wavuvi. Aliniambia kwamba ilipitishwa mkono kwa mkono, na kwamba yule aliyemcheka zaidi ndiye aliyeishika kwa muda mrefu zaidi. Sasa kwenye nguzo ya bandari yao ndogo pamefungwa gunia la kutilia vipande vya nyavu. Si wote walitumiao. Nilipopita mara ya mwisho lilikuwa limejaa nusu.

Kwa hiyo kwa wale watakaotaka kuianza kazi hii, nasema: nunueni kamera kwa kadiri ya mfuko, amkeni mapema, lipeni jua mgongo, na mngoje. Mezani rudisheni kile ambacho kamera ilikipoteza: mwanga, weupe, na ukali wa jicho. Lakini kile ambacho ndege alikuwa nacho siku ile msimnyang'anye, na kile ambacho hakuwa nacho msimpe. Tena tunzeni picha ya asili mahali pake, kama jalada.

Picha ya mdiria mwenye mguu safi ingali nyumbani kwa yule mzee. Naliomba nimbadilishie, naye akakataa. Ameitundika ukutani, na juu ya kioo, pale mguuni, amebandika kwa gundi uzi mmoja mfupi wa nailoni.